Mchango wa Jozi ya Timu katika Idadi ya Watazamaji wa Fainali za Futiboli ya Kimarekani

Futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake hubebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu, huwa na fainali mbili kubwa kila msimu: Super Bowl ya ligi ya kulipwa, NFL, na fainali ya vyuo vikuu. Hudaiwa mara kwa mara kwamba idadi ya watazamaji wa televisheni hutegemea ni timu zipi zilizokutana. Dai hilo lina ukweli, lakini uzito wake haulingani katika fainali hizo mbili. Aidha, takwimu zinazotumika kulithibitisha huchanganya mambo mawili ambayo mtafiti hana budi kuyatenganisha.

Takwimu inayotolewa na kampuni ya Nielsen baada ya mchezo ni wastani wa watazamaji kwa dakika. Ndani ya wastani huo wamo waliowasha televisheni tangu mwanzo na pia waliobaki hadi mwisho. Jozi ya timu, ambayo hujulikana mapema, huamua nani atawasha. Mwenendo wa mabao, ambao haujulikani, huamua nani atabaki. Mtafiti anayetumia wastani pekee huihesabia jozi sifa au lawama isiyo yake.

Fainali ya vyuo vikuu hudhihirisha tatizo hilo vizuri. Januari 2022 Georgia ilicheza na Alabama, na watazamaji walikuwa takriban milioni 22.6. Januari 2023 Georgia hiyohiyo ilikutana na TCU ya Fort Worth, Texas, na idadi ikashuka hadi milioni 17.2. Ni rahisi kusema kwamba TCU haikuwa na mvuto wa kitaifa, na huenda ni kweli. Hata hivyo, hadi mapumziko Georgia ilikuwa ikiongoza kwa 38 kwa 7, na mchezo ukaishia 65 kwa 7. Ni sehemu gani ya upungufu huo iliyotokana na jina la TCU, na ni ipi iliyotokana na watu kwenda kulala? Wastani haujibu swali hilo.

Mfano wa 2012 una utata wa namna hiyo. Alabama na LSU, vyuo vya kanda moja ya SEC, vilirudiana baada ya kukutana Novemba 2011. Wengi walilalamika kwamba sehemu kubwa ya nchi haikuwa na timu ya kushangilia, na watazamaji wakawa milioni 24.2, ilhali mwaka uliotangulia Auburn na Oregon walivuta milioni 27.3 katika kituo kilekile cha ESPN. Lakini Auburn ilishinda kwa 22 kwa 19, na Alabama ikashinda kwa 21 kwa 0. Kinyume chake ni fainali ya Januari 2006 kati ya Texas na USC, iliyotazamwa na watu milioni 35.6. Hapo mambo yote yalikwenda pamoja: timu mbili ambazo hazikuwa zimefungwa msimu huo, majimbo mawili yenye watu wengi, matokeo ya 41 kwa 38, na ABC, kituo kisichohitaji malipo. Pengine ndiyo sababu mfano huo hupendwa mno na hufundisha kidogo.

Super Bowl ina tabia nyingine. Imekuwa kama sikukuu ya taifa, hivyo jozi yoyote huanza na watazamaji wengi mno. Mwaka 2011 Green Bay, mji wenye watu wapatao 100,000, ulikutana na Pittsburgh, nao watazamaji milioni 111 wakavunja rekodi ya wakati huo. Ukubwa wa mji, kigezo kinachopendwa na wauzaji wa matangazo ya biashara, haukueleza lolote. Mashabiki wa timu hizo wametapakaa nchi nzima. Mwaka 2014 Seattle iliinyuka Denver 43 kwa 8, lakini zaidi ya watu milioni 111 walitazama. Mwaka 2021 Tom Brady alipambana na Patrick Mahomes, jozi ambayo mtangazaji yeyote angeiomba, na idadi ikawa milioni 96.4 tu, ndogo kuliko zote tangu 2007. Mchezo uliisha 31 kwa 9, na UVIKO-19 ilikuwa imepunguza mikusanyiko.

Athari ya jozi katika Super Bowl huonekana zaidi katika ngazi ya mji. Mwaka 2019 New Orleans ilikosa fainali baada ya waamuzi kutoadhibu kosa la wazi lililofanywa na mchezaji wa Los Angeles Rams. Siku ya fainali kati ya Rams na New England, asilimia 41.1 ya kaya zenye televisheni nchini zilitazama. New Orleans zilikuwa asilimia 26.1. Timu ambayo haikuwepo uwanjani ndiyo iliyoeleza tofauti hiyo.

Suala hili lina uzito wa kifedha, kwa kuwa nafasi nyingi za matangazo ya biashara katika Super Bowl huuzwa kabla wafainali hawajajulikana. Mnunuzi hulipia tukio, si jozi. Katika fainali ya vyuo hatari ya jozi dhaifu ni kubwa zaidi.

Ulinganishi wa miaka nao una kikwazo. Milioni 127.7 za Februari 2025, Philadelphia ilipoishinda Kansas City 40 kwa 22, zilipatikana baada ya Nielsen kupanua upimaji wa wanaotazama nje ya nyumba zao, milioni 114.4 za 2015 hazikupimwa hivyo. Kwa utafiti wa jozi, data ya robo saa ya kwanza, ikichambuliwa mji kwa mji, inafaa kuliko wastani wa mchezo mzima.