Sonona na Methadoni: Dawa Mbili Katika Mwili Mmoja

Hospitali ya Mirembe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili mjini Dodoma tangu mwaka 1927, leo ina jukumu jingine pia. Katika kituo chake cha Itega, watu wanaojinasua na uraibu wa heroini hupewa methadoni, tiba iliyoanza kutolewa nchini katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Wengi wa wagonjwa hawa huwa pia na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na matumaini. Hapo ndipo dawa mbili hukutana katika mwili mmoja.

Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hushika mahali pale pale katika ubongo panaposhikwa na heroini, lakini hutenda kazi polepole na kwa muda mrefu. Hivyo kipimo kinachofaa humwondolea mgonjwa arosto bila kumlewesha.

Jambo la kwanza ni kutambua chanzo cha huzuni. Kuacha unga kwenyewe huleta unyonge, ambao kwa wengine hupungua wenyewe baada ya wiki chache. Kwa sababu hiyo daktari huweza kusubiri kidogo kabla ya kuandika dawa, isipokuwa kama sonona ilikuwapo kabla ya uraibu, au mgonjwa anawaza kujiua. Hapo hakuna kungoja.

Dawa za sonona nazo hazina haraka. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali kichefuchefu na wasiwasi huweza kutangulia. Katika kipindi hiki mgonjwa asiyeelezwa hudhani kwamba dawa imeshindwa, akaiacha au akarudia unga.

Kisha kuna kazi ya ini. Mwili wa anayetumia methadoni wafanana na mtungi wenye tundu dogo chini: kila siku hutiwa kikombe kimoja, na kiasi kile kile huvuja. Ini ndilo tundu. Fluvoksamini, na kwa kiasi kidogo fluoksetini, huliziba tundu hilo kwa sehemu. Methadoni hupanda ingawa kikombe hakikuongezwa, na mgonjwa husinzia kupita kiasi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulipanua. Mgonjwa hupatwa na arosto hali amekunywa kipimo chake chote, na asiyejua siri hii humwita mwongo.

Moyo pia hauna budi kuangaliwa. Methadoni, amitriptilini na sitalopramu, kila moja huweza kurefusha mzunguko wa umeme wa moyo. Zikitumiwa pamoja, kipimo cha umeme wa moyo chafaa kufanywa. Amitriptilini huongeza usingizi vilevile, na pombe au diazepamu ikijumlishwa, pumzi huweza kukatika.

Kutokana na hayo, kanuni ni chache. Hubadilishwa dawa moja kwa wakati mmoja, ili badiliko lolote lijulikane limetoka wapi. Kila badiliko hupewa muda: methadoni huhitaji kiasi cha siku tano kabla ya kutulia katika damu, na dawa ya sonona huhitaji wiki kadhaa. Dawa ya sonona haikatizwi ghafla, bali hupunguzwa hatua kwa hatua kwa ushauri wa daktari. Tena kila mganga aonyeshwe dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwamo zile alizonunua dukani.

Hatari kubwa kuliko zote humfika aliyekata tamaa akaacha tiba. Mwili uliokaa bila dawa hizo husahau upesi uwezo wake wa kuzihimili. Akirudia kipimo cha zamani, kiwe cha unga au cha methadoni, kipimo kilichokuwa cha kawaida jana huweza kumuua leo. Kwa hiyo aliyekosa methadoni siku kadhaa mfululizo na aseme ukweli kituoni, naye mhudumu ampokee bila kumkaripia, maana ukweli huo ndio utakaomwezesha daktari kuanza upya kwa kipimo salama.