Taarifa ya Mbunge na Ivuke Maji

Wilaya ya Ukerewe ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 6,400, na katika hizo nchi kavu ni kilometa 640 tu. Zilizosalia ni maji. Visiwa vyake ni 38, na 15 kati ya hivyo ndivyo vyenye makazi ya kudumu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya laki tatu na themanini elfu. Mwenye kuzisoma hesabu hizi akiwa ofisini Mwanza aweza kuziona kuwa ni jiografia ya darasani. Kwa mwakilishi wa wananchi, ndizo zinazoamua ni nani atakayesikia habari ya haki yake na ni nani atakayeikosa.

Ipo desturi njema ya wabunge wetu kurejea majimboni baada ya vikao vya Dodoma na kutoa taarifa: darasa gani limeezekwa, ruzuku ya kaya maskini italipwa lini, mikopo ya vikundi huombwaje, Mwenge wa Uhuru utapita vijiji vipi na utazindua nini. Desturi hii si hisani. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Atendaye kwa niaba ya mwingine hana budi kumrudia mwenye amana na kumweleza alivyoitumia.

Mfano haupo mbali. Katika mkoa jirani wa Mara, ofisi ya Mbunge wa Musoma Vijijini, Profesa Sospeter Muhongo, aliyechaguliwa mwaka 2015 na tena mwaka 2020, imejulikana kwa kutoa taarifa za maandishi mara kwa mara, zikitaja kata 21 na vijiji 68 vya jimbo hilo, pamoja na kisiwa cha Rukuba. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane naye. Lakini penye maandishi, mwananchi anacho cha kushika mkononi na kuuliza: hiki kilichoandikwa, kiko wapi?

Visiwani kuna ugumu wa namna yake. Tuchukue Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Mfuko huo ulianza mwaka 2000. Awamu yake ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ndiyo iliyoleta ruzuku ya fedha kwa kaya, na baada ya miaka michache kaya zipatazo milioni 1.1 nchini zilikuwa zimeandikishwa. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Utaratibu wake wa kuwatambua wahitaji ni wa haki kwa namna ulivyoandikwa: wanakijiji wenyewe, katika mkutano wao wa hadhara, huzitaja kaya zilizo duni kuliko nyingine, ndipo maofisa wakazipitia kwa dodoso. Sehemu ya ruzuku hutegemea watoto kuhudhuria shule na kupelekwa kliniki. Aidha, zimo kazi za ajira ya muda, kama vile kuchimba malambo na kutengeneza barabara za vijiji, ambazo walengwa wenye nguvu hulipwa ujira.

Lakini utaratibu huo unamtazamia mtu akaaye mahali pamoja. Je, mjane anayeanika dagaa, ambaye mwezi huu yuko katika mwalo wa Ukara, na mwezi ujao amewafuata wavuvi hadi kisiwa kingine, atatajwa na mkutano wa kijiji gani? Kule alikozaliwa watasema amehama. Kule anakoanika watasema ni mgeni. Hana shamba la kumtambulisha, na chanja yake ya kuanikia ni ya tajiri. Mvua ikinyesha siku tatu, mtaji wake umeoza. Umaskini wake hauna shaka, ila hana kijiji cha kuusemea. Hili ni jambo ambalo ofisa wa wilaya hawezi kuliona katika madaftari yake. Mbunge anayetembelea mialo ndiye awezaye kuliona na kulipeleka panapotungwa kanuni.

Tena kuna suala la mwezi. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, hupumzika na kutengeneza nyavu. Basi mkutano wa hadhara ukiitishwa saa nne asubuhi katika siku za giza, nusu ya wanaume wa mwalo wamelala kwa uchovu, na wanawake wanageuza dagaa juani. Kiongozi atahesabu viti vitupu na kusema kwamba wananchi hawajali maendeleo. La hasha! Wanajali, ila kalenda yake imepangwa na mtu asiyetazama mbingu. Wazee wetu waliotufundisha kuuandama mwezi wa Ramadhani wangelitambua kosa hili mara moja. Gharama ya kulisahihisha ni kuitazama kalenda tu.

Habari ikichelewa, hasara yake ni ya fedha. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu, na mwaka 2024 ikairejesha. Habari ya kufungwa mlango hukimbia yenyewe. Habari ya kufunguliwa inahitaji mtu wa kuibeba. Kikundi kilichokwisha kata tamaa katika kisiwa cha Irugwa hakitaandika barua ya maombi kwa kuota ndotoni kwamba mikopo imerudi.

Mbunge mwenyewe ni mwenyekiti wa kamati inayosimamia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Katika kuugawa, huangaliwa idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, pamoja na sehemu iliyo sawa kwa majimbo yote. Mfuko huu si mkubwa, lakini huezeka zahanati iliyokwama. Kwa kuwa uko karibu mno na mkono wa Mbunge, taarifa yake yapasa itaje kila mradi uliopata fedha na kila ulionyimwa, pamoja na sababu.

Wapo watakaosema: mwenye shida na aje Nansio, ofisi zipo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, watu waliokuwa wakirudi Ukara kutoka gulioni Bugorora walipanda MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101. Kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, nyumbani kukionekana kwa macho. Waliokufa walikuwa 228. Kivuko kipya, MV Ukara II, kimejengwa tangu hapo, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mtu wa Ukara anapoambiwa aje akaulize Nansio, anaambiwa avuke maji hayo hayo, kwa nauli yake, ili kuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kubandikwa katika ubao wa kijiji.

Na hao Waukara si watu wa kunyoosha mikono. Kabla mabwana shamba hawajafika, wao walikuwa wakiwafunga ng'ombe majumbani, wakikusanya samadi na kurutubisha ardhi yao finyu. Watu wa namna hiyo hawataki kuambiwa “nimewaletea fedha.” Tumewasikia hata baadhi ya makada wenzetu wakiisemea ruzuku kana kwamba imetoka katika mfuko wa kanzu ya fulani. Fedha hizo ni kodi za wananchi, na nyingine ni mkopo wa Benki ya Dunia utakaolipwa na Taifa zima, wavuvi wakiwemo. Kada anayesema vinginevyo anamfanya bibi kizee aogope kulalamika anapopunjwa.

Gulio la Bugorora huwakusanya watu wa visiwa viwili bila kipaza sauti wala mwaliko. Mbunge akiweka meza moja hapo siku ya gulio, ofisa wa TASAF kulia kwake na wa maendeleo ya jamii kushoto, pamoja na daftari la kuandikia waliokosa kuandikishwa, atasikia kwa saa tatu mambo ambayo hayatafika Nansio kwa mwaka mzima. Nakala ya daftari hilo ibaki kwa mtendaji wa kata, ili atakapokuja tena waanzie jina la kwanza.