Kuficha na Kusitiri

Somo: Zaburi 32:1–5

 

Leo tutazame maneno ya lugha yetu yanayohusu kitu kisichoonekana. Kiswahili kinayo mengi. Chungu kilicho mekoni tunakifunika, uchafu usiingie. Fedha tunaificha, mwizi asiione. Jambo la watu wawili tunaliita siri, na mahali pa kulizungumza bila kusikiwa tunapaita faragha. Mtu avaaye nguo za mwingine ili asitambulikane, twasema amejigeuza. Na yule ambaye uso wake ni wa mtu mwema lakini moyo wake ni mwingine, jina lake ni mnafiki. Katika Agano Jipya la Kiyunani mnafiki huitwa hupokrites, na neno hilo hapo kwanza lilikuwa jina la mwigizaji, mtu aliyesimama mbele ya watazamaji amevaa uso usio wake.

Biblia inatuonyesha watu wengi waliojaribu njia hizo. Adamu na mkewe walijificha kati ya miti ya bustani. Yakobo alivikwa ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, apate kumdanganya baba yake. Mfalme Ahabu alijigeuza akaingia vitani, lakini mshale uliopigwa kwa kubahatisha ukampata. Mke wa Yeroboamu naye alijigeuza aende kwa nabii Ahiya, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka kwa uzee. Mzee yule asiyeona akamtambua aliposikia tu miguu yake mlangoni.

Lakini liko neno moja lisilo sawa na hayo mengine, nalo ni kusitiri. Limetoka katika Kiarabu, na ndugu yake ni sitara, yaani kifuniko kinachohifadhi heshima ya mtu. Anayeficha kosa lake hujifunika mwenyewe, kwa hofu. Anayesitiri humfunika mwenzake, kwa upendo.

Tazama basi Zaburi 32. Katika Kiebrania kitenzi ni kimoja tu, kimetumika mara mbili. Katika mstari wa 1 Mungu ndiye anayefunika dhambi. Katika mstari wa 5 mtunzi anasema kwamba yeye mwenyewe hakuufunika uovu wake. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliweka maneno mawili. Kwa kazi ya Mungu waliandika kusitiri, na kwa kazi ya mwanadamu waliandika kuficha. Naona walisikia vyema. Dhambi ambayo mwanadamu ameacha kuificha, hiyo ndiyo Mungu anayoisitiri.

Jambo hili nalijua kwa maisha yangu mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha theolojia nilishindwa mtihani wa Kiyunani. Baba yangu alikuwa ameuza fahali wake ili nipate karo. Barua ya matokeo nikaikunja, nikaitia ndani ya jalada la kitabu changu cha nyimbo, nikaenda nyumbani likizoni. Baba akaniuliza, “Masomo yaendaje, mwanangu?” Nikajibu, “Vyema, Baba, namshukuru Mungu.” Nilikuwa hupokrites hasa, kabla sijaweza hata kuliandika neno lenyewe.

Wiki tatu nilikula chakula cha mama bila kuona utamu wake. Alfajiri moja nikamfuata baba zizini alipokuwa akikamua, nikampa barua. Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake, akaendelea kukamua. Jioni ile wazee walikuja kututembelea, na mmoja akauliza habari za mtihani wangu. Nikainamisha kichwa. Baba akasema, “Kijana anarudi chuoni kutia bidii zaidi. Mwombeeni.” Hakusema uongo, wala hakuniaibisha. Barua ile mimi niliificha wiki tatu, nikakosa amani. Yeye aliisitiri mpaka kufa kwake, nami nikapata nguvu ya kuurudia mtihani.

Lakini, ndugu msikilizaji, tuangalie sana. Wako wanaoliazima neno hili jema ili wafunike uovu. Mtoto anaumizwa nyumbani, na jamaa wanasema, “Tusitiri mambo ya ukoo.” Fedha za sadaka zinapotea, na kamati inasema, “Tulisitiri kanisa.” Hiyo siyo sitara, huko ni kuficha. Mtume Petro alipoandika juu ya upendo unaositiri wingi wa dhambi, hakutufundisha kumwacha mnyonge mikononi mwa anayemtesa. Jiulize, “Kifuniko hiki kinamhifadhi nani?” Kama kinamhifadhi mkosaji asiyetaka kutubu, na aliyeumizwa amebaki nje kwenye baridi, kifunue. Mpeleke mtoto yule mahali pa usalama, na habari uzifikishe kwa wenye mamlaka.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Je, ni barua gani iliyo ndani ya jalada lako leo? Pengine ni deni ambalo mkeo halijui. Pengine ni ugonjwa usiotaka kumwonyesha daktari. Adamu na Hawa walijishonea majani ya mtini, nao bado waliogopa. Mungu aliwaita kwanza watoke mafichoni, ndipo akawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Majani yale yalikuwa ya kuficha. Mavazi yale yalikuwa sitara. Anatuita vivyo hivyo leo, kwa ajili ya Kristo aliyeibeba aibu yetu msalabani.

Tuombe. Ee Baba, wewe unayeona sirini, tupe moyo wa kutoka mafichoni. Tusitiri kwa rehema yako, utufundishe kuwasitiri wenzetu bila kuficha uovu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.