Dungu la Familia: Kulinda Mazao Bila Kupoteza Maisha

Katika vijiji vinavyopakana na mapori na hifadhi, kazi ya mkulima haiishii kwenye palizi. Mahindi yanapoanza kubeba na mpunga kutoa masuke, familia nyingi huhamia shambani na kulala huko hadi mavuno yaingie nyumbani. Hulala kwenye dungu, ambalo sehemu nyingine huitwa ulingo. Hiki ni kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambapo mlinzi hukaa akiangalia shamba na kufukuza wanyama. Makala hii inaeleza kwa nini dungu linastahili kujengwa kwa uangalifu kama nyumba, na namna ya kulijenga.

Kwa nini watu hulala shambani?

Mchana wasumbufu ni nyani, tumbili, ngiri na ndege. Usiku huja nguruwe pori, na katika baadhi ya maeneo viboko na tembo. Nguruwe pori huangusha mabua mengi kuliko wanayokula. Kwa familia inayolima ekari mbili kwa jembe la mkono, usiku mmoja bila mlinzi unaweza kuwa ni chakula cha miezi kadhaa kilichopotea. Hivyo basi, kumwambia mkulima asilale shambani ni sawa na kumwambia aache kulima.

Hatari iliyopo

Nguruwe pori ni mawindo ya simba. Nguruwe anapofuata mahindi, simba naye humfuata, na huko humkuta binadamu amelala. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi wakati wa mavuno, kuanzia Machi hadi Mei, na katika wilaya zenye nguruwe pori wengi. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo wakulima waliolala shambani kuwazuia nguruwe hao. Huko Rufiji, simba mmoja aliyeuawa Aprili 2004 alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35 katika muda wa miezi 20 hivi.

Tatizo si dungu lenyewe. Tatizo ni dungu la haraka haraka: kichanja kifupi, kilicho wazi pande zote, chenye ngazi inayobaki chini usiku kucha.

Namna ya kujenga

1. Mahali. Chagua sehemu inayoonyesha shamba zima, mbali na kichaka, na karibu kiasi kwamba jirani aliye kwenye dungu lake akiita mnasikiana. Fyeka nyasi kuzunguka eneo lote.

2. Nguzo. Tumia nguzo nne za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, zenye urefu wa mita 5 na nusu. Unguza ncha zitakazokaa ardhini au uzipake oili chafu. Chimba mashimo ya sentimita 80, kisha shindilia kwa mawe na udongo. Nguzo zitanuke kidogo chini ili dungu lisiyumbe.

3. Viimarisho. Kila upande funga miti miwili ya mshazari inayokatana. Dungu nyingi huanguka kwa kukosa miti hii, wala si kwa uzito wa watu.

4. Sakafu. Iwe mita 3 kutoka ardhini. Laza boriti, kisha fito nene zilizobanana, na juu yake mkeka. Tumia misumari ya inchi 5 pamoja na waya wa kufungia, kwa kuwa kamba za magome huoza mvua zikinyesha mfululizo.

5. Kuta. Zungushia fito zilizobanana hadi kwenye paa pande zote, ukiacha matundu madogo ya kuchungulia.

6. Mlango na ngazi. Mlango uwe sakafuni, wenye kifuniko kinachofungwa kwa ndani. Ngazi ivutwe juu kila jioni.

7. Paa. Ezeka kwa nyasi au makuti. Moto usiwashwe juu ya dungu. Tumieni tochi.

Matumizi

Chandarua ni lazima, kwa sababu mbu waenezao malaria huuma hasa usiku. Wekeni ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya haja, ili mtu asilazimike kushuka gizani. Debe na filimbi vitatosha kufukuza nguruwe. Kwa tembo, dungu si kinga, kwani anaweza kuliangusha. Hapo zinahitajika njia nyingine, kama uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili.

Walinzi wa usiku wawe watu wazima, tena wawili wawili. Mashamba manne yanayopakana yakilindwa kwa zamu, kila familia hupata usiku wa kulala nyumbani. Bila mpango huo, zamu huangukia watoto, nao hufika shuleni wakisinzia au hawafiki kabisa.

Aidha, dungu si mahali pa kuwindia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza uwindaji bila kibali. Uharibifu ukitokea, toeni taarifa mapema kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kuuawa na wanyama wakali. Hata hivyo, kifuta machozi hakimrudishi mtu.

Kamati na wafadhili wafanye nini?

Miti, nyasi na nguvu kazi familia inazo. Kinachokosekana ni vitu vya dukani: misumari, waya, chandarua na tochi. Ni mahitaji madogo yasiyokuwa na jengo la kuzindua wala bango la mfadhili, na pengine ndiyo maana husahaulika katika maombi ya miradi.

Tunaziomba kamati za sharika zilizo kando ya hifadhi zifanye mambo matatu kabla ya mahindi kubeba: kuorodhesha familia zinazolala shambani, zikianza na wajane na wazee, kupita dungu kwa dungu na kukagua urefu wa sakafu, kuta na ngazi, na kupanga zamu pamoja na majirani wote, wa dini yoyote. Mahitaji yaletwe yakiwa na idadi ya dungu na vifaa vinavyokosekana kwa kila moja. Mfadhili akiuliza matokeo, jibu liwe rahisi: magunia yaliyoingia ghalani, watoto waliobaki darasani, na watu wote waliorudi salama kutoka shambani.