Presha ya Bafuni na Wanaoiuza

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Kariakoo, lalamika kwamba shawa yako inadondosha tu, na utaulizwa: "Unataka pampu ya hosi ngapi?" Ni nadra kuulizwa tanki lako limekaa juu kiasi gani.

Hesabu yenyewe iko hapo kwenye tanki. Maji yakishuka mita 10 yanatoa presha ya takriban baa 1. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hujaza simtanki siku ya mgao, kisha maji yanateremka yenyewe hadi bafuni. Mnara ukiwa wa mita 3 na shawa iko mita 2 kutoka chini, kinachosukuma ni mita 1, baa 0.1, ukijumlisha na kina cha maji tankini. Ndiyo maana tanki likijaa unaoga kwa raha, likikaribia kuisha unarudi kwenye ndoo na kopo.

Fundi wa kuchomelea anayeinua mnara hulipwa mara moja. Muuza pampu humwona mteja tena na tena: sili imevuja, kapasita imeungua, mota imezunguka bila maji. Ghorofani, bafu likiwa karibu usawa mmoja na tanki, pampu haikwepeki. Lakini ifungwe baada ya tanki. Ukiifunga kwenye bomba la mtaa unanyonya maji ya jirani, pamoja na uchafu wa kila kiungo kinachovuja.

Kinachonikera zaidi kimefukiwa ukutani. Bomba la PPR la nusu inchi lina milimita 20 kwa nje, ila lile nene la maji ya moto lina tundu la milimita 13 tu. La robo tatu linafika 16 na ushee, njia pana kwa zaidi ya nusu. Fundi aliyepatana bei moja, kazi na vifaa, atanunua lipi? Na marumaru zikishabandikwa, nani atabomoa?

Kwangu fundi alitaja bei ya pampu kabla hajagusa kitu. Nikamwomba afungue kwanza kichwa cha shawa: matundu yalikuwa yamezibwa na chokaa ya maji ya kisima. Tukakilaza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi alikirudisha, akadai hela ya kuangalia, nikampa.