Betsiboka, Mto Mwekundu wa Bukini

Ukitweka tanga kutoka Diani, hapa kwetu Kwale, ukaelekea kusini-mashariki, baada ya kilomita 1,500 hivi utafika Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Wazee wa pwani walikiita kisiwa hicho Bukini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 587,000 hivi, kuishinda kidogo Kenya nzima.

Milima ya Bukini imeegemea mashariki. Upande huo mito ni mifupi na ina maporomoko mengi. Magharibi nchi huteremka taratibu, na huko ndiko iliko mito mirefu, Betsiboka ukiwa mmojawapo. Huanzia nyanda za juu karibu na Antananarivo, hupokea maji ya Ikopa, mto unaopita mji mkuu huo, kisha husafiri hadi Ghuba ya Bombetoka. Urefu wake wote ni kama kilomita 525.

Mgeni hushangazwa kwanza na rangi ya maji, mekundu kama udongo wa kukandikia nyumba. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, mvua hupiga vilima vilivyokatwa miti na kuchomwa nyasi, na makorongo makubwa ambayo wenyeji huyaita lavaka humomonyoka na kumwaga udongo mwekundu mtoni. Udongo huo ndio unaorutubisha mashamba ya mpunga ya Marovoay, na juu yake mikoko ya ghuba huota. Lakini ndio huohuo unaojaza ghuba: visiwa vya matope vimetanuka mlangoni mwa mto, na meli kubwa hutia nanga mbali, shehena ikateremshwa kwa vyombo vidogo.

Bonde hili limekuwa njia ya majeshi pia. Mwaka 1895 Wafaransa walishuka Mahajanga wakaufuata mto kwenda kuiteka Antananarivo. Maelfu ya askari wao walikufa kwa homa, ilhali waliouawa vitani walikuwa makumi tu. Septemba 1942, Waingereza walipokuja kuwaondoa Wafaransa wa serikali ya Vichy, askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwao. Walikuta daraja la Betsiboka limelipuliwa, lakini kipande cha kati kilikuwa kimeangukia maji machache, wakavuka.

Tukilinganisha na Betsiboka, mito yetu ya Kwale ni midogo. Mwachema huingia baharini karibu na Msikiti wa Kongo, Ramisi huingia upande wa Funzi, na Umba hutoka Usambara hadi Vanga. Hata hivyo sheria ya udongo ni moja: kilima kikivuliwa miti, tope huishia kwenye matumbawe na mazalio ya samaki. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, fedha zikarudi kijijini. Kazi hiyo ya pwani itakuwa nusu tu kama wanaolima kandokando ya mito, huko juu, hawataacha ukanda wa miti kwenye kingo. Tuanze na kingo za Mwachema.