Bustani Juu ya Barabara Kuu: Nani Hasa Anaunganishwa?

Mgeni anayekaa kwenye nyasi za Klyde Warren Park, katikati ya jiji la Dallas, Marekani, anaweza kumaliza chakula chake cha mchana asijue kwamba chini yake kuna barabara kuu yenye magari yanayopita usiku na mchana. Anaona watoto wakirukaruka kwenye maji, wazee wakicheza chesi, foleni ya watu mbele ya magari yanayouza chakula. Bustani hiyo ya ekari 5.2 ilifunguliwa Oktoba 2012 kwa gharama ya takriban dola milioni 110. Imejengwa juu ya barabara ya Woodall Rodgers, ambayo kwa karibu miaka 30 ilikuwa handaki la wazi kati ya katikati ya jiji na mtaa wa Uptown. Tangu hapo miji mingi ya Marekani imetamani kifuniko cha aina hiyo juu ya barabara zake.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Seattle ilifungua Freeway Park juu ya barabara kuu ya I-5 tarehe 4 Julai 1976, kwa usanifu wa Lawrence Halprin na Angela Danadjieva. Kilichobadilika ni sababu. Wakati ule bustani ilikuwa pambo la jiji. Leo inauzwa kama dawa ya kidonda kilichoachwa na barabara. Nikiwa mtu wa mipango miji, naipenda bustani ya Dallas, ila hilo neno dawa linanitia shaka. Kabla ya kusema kwa nini, tuangalie kwanza jinsi kitu hiki kinavyosimama.

Sharti la kwanza ni barabara kuwa chini ya usawa wa mtaa. Dallas ilipata bahati hiyo mapema: katika miaka ya 1960 meya Erik Jonsson alisimamia uamuzi wa kuizamisha Woodall Rodgers badala ya kuipandisha juu ya nguzo. Ilipofunguliwa 1983 ilikuwa tayari na kuta za zege pande zote mbili. Kilichobaki ni kuongeza nguzo pembeni na katikati, kisha kulaza boriti.

Mhandisi wa daraja la kawaida anahofia malori. Wa bustani anahofia udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioloa inakaribia tani 2, na ekari 5.2 ni karibu mita za mraba 21,000. Tandaza udongo wa kina cha mita 1 eneo lote, na umeshalibebesha daraja tani 40,000 hivi kabla hujapanda mche mmoja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kinachoonekana kama kilima au mwinuko kwenye bustani za aina hii si udongo. Ni povu gumu jeupe, jamaa wa lile linalokinga televisheni ndani ya boksi, lililokatwa matofali makubwa na kufunikwa udongo kidogo juu. Mita ya ujazo ya povu hilo ina uzito wa kilo 20 au 30 tu.

Lakini nyasi zinaweza kuishi kwenye udongo mfupi; mti hauwezi. Hapa ndipo wahandisi wa Dallas walipoonyesha akili. Boriti zaidi ya 300 za zege, zilizokazwa kwa nyaya za chuma, zililazwa kwa makundi, na kati ya kundi na kundi pakaachwa nafasi. Sakafu ya nafasi hizo imeshushwa chini, usawa wa tumbo la boriti, ikawa mitaro ya kupandia miti. Mizizi inakaa katikati ya boriti badala ya juu yake, na kina cha udongo kinapatikana bila kuinua bustani nzima. Hata hivyo mizizi haifiki kwenye ardhi ya asili. Bustani hii ni kopo kubwa la maua: maji yote lazima yaletwe kwa mabomba, na yakizidi lazima yatolewe, la sivyo yanapenya kwenye zege na kuanza kula chuma. Anayejenga kifuniko hajanunua jengo la kukabidhiwa na kusahau. Amejitwika matunzo ya daraja na matunzo ya bustani kwa pamoja, kwa vizazi.

Kisha kuna moto. Barabara iliyofunikwa kwa urefu fulani inahesabiwa kisheria kuwa handaki, na handaki linadai feni za kusukuma moshi, vipima moto, milango ya kutorokea, na mara nyingi marufuku ya malori ya mafuta. Gharama hupaa. Columbus, Ohio, walikwepa mtego huo kijanja mwaka 2004: mahali ambapo mtaa wa High Street unapita juu ya barabara ya I-670 walijenga madaraja matatu yanayokaa ubavu kwa ubavu, moja la magari na mawili ya maduka. Mtembea kwa miguu anapita kati ya maduka asijue kuwa yuko darajani. Hakuna nyasi hata moja, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya kazi bora za aina hii, kwa sababu anayetembea usiku anahitaji taa za duka na macho ya watu kuliko anavyohitaji ua.

Sasa turudi kwenye kidonda. Sheria ya barabara kuu iliyotiwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956 iliahidi mtandao wa maili 41,000, na serikali kuu ikabeba asilimia 90 ya gharama. Kwa meya wa mji wowote hiyo ilikuwa barabara ya karibu bure. Swali lilikuwa ipite wapi. Wapangaji wa barabara walitafuta ardhi ya bei ya chini yenye wakazi wasio na sauti, na ardhi hiyo ilikuwa imeshashushwa thamani tangu miaka ya 1930, pale ramani za mikopo ya nyumba zilipoipaka rangi nyekundu mitaa ya Wamarekani weusi na kuitangaza kuwa hatari kwa mabenki. Mtaa ulinyimwa mkopo, ukachakaa, kisha uchakavu huo ukawa sababu ya kuubomoa. Huko St. Paul, Minnesota, barabara ya I-94 ilipasua mtaa wa Rondo na kufukuza mamia ya familia. Ilichukua hadi mwaka 2015 kwa meya wa jiji na mkuu wa idara ya uchukuzi ya jimbo kusimama mbele ya wazee wa Rondo na kuomba radhi.

Dallas nayo ina historia yake. Upande wa kaskazini wa Woodall Rodgers palikuwa na makazi ya watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Barabara ya Central Expressway ilipojengwa katika miaka ya 1940 ilipita juu ya makaburi yao. Ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanaakiolojia walifukua na kuhamisha mabaki ya watu zaidi ya 1,100. Wajukuu wa waliozikwa pale walikuwa wameshatawanyika. Mahali pa nyumba zao za mbao pakaota maghorofa, na eneo likapewa jina jipya: Uptown.

Kwa hiyo bustani ilipofunguliwa 2012 iliunganisha nini? Iliunganisha majengo ya sanaa upande mmoja na maghorofa upande mwingine. Ni kweli watu wanavuka kwa miguu mahali walipokuwa wakiogopa kuvuka, na hilo ni jema. Lakini waliotenganishwa na barabara hawakuwepo tena kuunganishwa. Tazama pia pesa zilitoka wapi. Fedha za umma zilikuwapo, za jiji, za jimbo na za serikali kuu, ila karibu nusu ilichangwa na watu binafsi. Bustani ina jina la mtoto wa tajiri wa mabomba ya mafuta na gesi, na inaendeshwa na taasisi ya kibinafsi. Wenye viwanja jirani walijua wanachokifanya: mtu aliyekuwa anatazama shimo la magari sasa anatazama bustani, na kodi ya ofisi yake inapanda. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mfumo huu hupeleka vifuniko palipo na bei, na kidonda kikubwa mara nyingi kiko kwingine.

Kule kwingine, kwa Dallas, ni Oak Cliff, kusini mwa mto Trinity. Barabara ya I-35E ilikata eneo hilo katika miaka ya 1950 na kuumiza mtaa wa Tenth Street, ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani, na ambao bado una wakazi. Huko nako kuna kifuniko, karibu na bustani ya wanyama ya jiji, kinachoitwa Halperin Park. Hatua yake ya kwanza ni ekari 2.8, na ufunguzi ulipangiwa 2026, miaka 14 baada ya ule wa kaskazini. Kilipata nafasi kwa sababu jimbo lilikuwa linapanua barabara hiyo. Wakati mipango ikiendelea, kanuni ya jiji iliruhusu nyumba za kihistoria zenye ukubwa chini ya futi za mraba 3,000 zibomolewe kwa amri ya mahakama. Nyumba za Tenth Street karibu zote ni ndogo. Mwaka 2019 mtaa huo ukatajwa miongoni mwa maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani. Mkono mmoja ulikuwa unachora daraja la kuwarudisha watu pamoja, mwingine unabomoa nyumba zao.

Wajerumani wametumia mlango mwingine. Hamburg inafunika barabara kuu ya A7 kwa vipande vitatu, Schnelsen, Stellingen na Altona, jumla kama kilomita 3.5. Kilichowasukuma ni sheria ya kelele: ukipanua barabara lazima umlinde mkazi dhidi ya mngurumo, na pale ambapo ukuta hautoshi, serikali kuu inalipia paa. Jiji linaporefusha paa hilo, linajilipa kwa kuhamishia juu yake bustani ndogo za wakulima wa mjini na kuuza ardhi zilipokuwa awali kwa ajili ya makazi. Pale anayechagua mahali pa kufunika ni kipimo cha sauti, na kipimo hicho hakiulizi kiwanja kinauzwa bei gani.

Marekani ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa fedha za umma. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 1 kwa ajili ya mitaa iliyokatwa na barabara, na sheria nyingine ya 2022 ikaongeza bilioni 3. Mwaka 2025 bunge lilifuta sehemu ya fedha hizo iliyokuwa haijafungiwa mikataba. Miradi iliyokuwa imeshapewa ahadi, ukiwemo wa Atlanta, ikarudi kutafuta fedha upya.

Rondo ndiko ninakokutazama kwa matumaini zaidi, ingawa bado hakujamwagwa zege. Wanaodai kifuniko pale hawakuanza na mchoro wa miti. Walianza na swali la umiliki: nyumba na biashara zitakazoota juu na kando ya kifuniko zitakuwa za nani, na familia zilizofukuzwa zitarudi kwa masharti gani. Bunge la jimbo liliwapa dola milioni 6.2 mwaka 2021 kwa ajili ya upembuzi. Swali la umiliki likiachwa hadi bustani iishe, jibu lake hutolewa na madalali.

Huku kwetu kifuniko hakitasaidia sana, maana tumependa kupandisha barabara. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake imekaa juu ya nguzo. Dar es Salaam tumejenga ghorofa za barabara Tazara na Ubungo. Nguzo hazifunikwi. Lakini barabara za chini nazo zinazidi kupanuka, na mitaa inayokatwa ina shule upande huu na soko upande ule. Sheria za mazingira, ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004, zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wasikilizwe kabla ya kibali kutolewa. Ukiona tangazo la mkutano wa namna hiyo mtaani kwako, nenda, uulize mambo mawili: kivuko cha miguu kiko wapi kwenye mchoro, na kutoka hapo hadi kivuko kinachofuata ni mita ngapi. Dai majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.